Baka Linalotanuka: Mwongozo Kamili wa Kutambua na Kutibu Dalili ya Kwanza ya Ugonjwa wa Lyme

Ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria wanaoenezwa na kupe, ukiwahiwa katika wiki zake za kwanza hutibika kwa vidonge vya siku 10 hadi 21. Ukiachwa, bakteria wake husambaa kwa njia ya damu, wakaenda kukaa kwenye viungo, kwenye mishipa ya fahamu au kwenye moyo, na hapo matibabu huwa marefu na mgonjwa huteseka bure. Nasema bure kwa sababu mara nyingi ugonjwa huu hujitangaza mapema, juu ya ngozi, mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho anaweza kuuona.

Tatizo ni kwamba wengi wamefundishwa kutafuta kitu kisicho sahihi. Wameambiwa watafute pete: doa jekundu katikati, duara jeupe, kisha duara jekundu nje, mithili ya shabaha. Wasipoiona pete hiyo hujipa moyo na kukaa nyumbani. Pete huonekana kwa baadhi ya wagonjwa tu. Wengi, hasa Marekani, huwa na baka la rangi moja kuanzia katikati hadi ukingoni. Dalili ya kutegemea ni kutanuka: baka la Lyme hukua siku hadi siku. Ukilishika hilo, mengine yote katika mwongozo huu yatakuwa rahisi.

Jiulize kwanza ulikuwa wapi

Lyme huenezwa na kupe wa jamii ya Ixodes, na kupe hao wana maeneo yao. Wapo kwa wingi kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwenye majimbo kama Wisconsin na Minnesota, na kwa kiasi kidogo pwani ya Pasifiki. Wapo kusini mwa Kanada, sehemu kubwa ya Ulaya kuanzia Uingereza hadi Urusi, na baadhi ya sehemu za Asia. Hupenda msitu wenye majani makavu chini, vichaka na nyasi ndefu, lakini hata bustani iliyopakana na miti inatosha. Jina la ugonjwa limetoka kwenye mji wa Lyme, jimbo la Connecticut, ambako katikati ya miaka ya 1970 watoto wengi kuliko kawaida walikuwa wakivimba viungo. Bakteria wenyewe waligunduliwa ndani ya kupe na Willy Burgdorfer mwanzoni mwa miaka ya 1980, nao wakapewa jina lake: Borrelia burgdorferi. Baka, hata hivyo, lilijulikana zamani zaidi. Daktari wa ngozi wa Uswidi, Arvid Afzelius, alilieleza mwaka 1909 na akalihusisha na kuumwa na kupe.

Kupe wa ng'ombe na mbwa waliozoeleka Afrika Mashariki si hao. Wala papasi si hao: homa ya papasi ni ugonjwa mwingine, ingawa bakteria wake ni wa ukoo huohuo wa Borrelia. Nalitaja hili kwa sababu moja ya maana sana. Kama uliishi, ulisoma au ulitembelea maeneo niliyoyataja, ukarudi nyumbani, na baka likatokea baadaye, mwambie daktari ulikotoka kabla hajakuuliza. Daktari ambaye hajawahi kuona mgonjwa wa Lyme hatalifikiria jambo hilo mwenyewe, na hilo si kosa lake.

Usingoje pia kukumbuka kwamba uliumwa. Kupe mchanga, ambaye ndiye huambukiza watu wengi zaidi wakati wa machipuko na kiangazi, ni mdogo kama mbegu ya mchicha. Haumi kwa uchungu, hukaa mahali pa siri, hunyonya, hushiba, huanguka. Wagonjwa wengi wenye baka la wazi kabisa hawakuwahi kumwona.

Ukimkuta kupe bado ameng'ang'ania

Mtoe mara moja. Chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, pale mdomo wake ulipoingia, si kwenye tumbo lililojaa. Vuta taratibu kwenda juu, kwa nguvu ileile, bila kumzungusha wala kumchomoa kwa ghafla. Vipande vya mdomo vikibaki na havitoki kwa urahisi, viache. Ngozi itavitoa yenyewe. Kisha osha mahali hapo kwa sabuni na maji au kwa spiriti.

Usimpake mafuta ya mgando, usimchome kwa kiberiti, usimmwagie rangi ya kucha ukitegemea aachie mwenyewe. Mbinu hizo humwacha mwilini muda mrefu zaidi na zinaweza kumfanya acheue ndani ya jeraha, na muda ndio unaoamua mambo hapa. Kwa kawaida kupe wa Marekani huhitaji kukaa zaidi ya saa 24 kabla ya kuambukiza. Kwa kupe wa Ulaya muda huo unaweza kuwa mfupi zaidi. Mpige picha, au mbandike kwenye karatasi kwa gundi ya utepe, uandike tarehe na mahali ulipokuwa.

Kuna dawa ya kuzuia, lakini si ya kila mtu. Daktari anaweza kumpa mtu mzima dozi moja tu ya antibayotiki iitwayo doksisaiklini, miligramu 200, ikiwa mambo haya yote yapo: kupe ni wa jamii ya Ixodes, ametoka eneo lenye ugonjwa, amekaa mwilini saa 36 au zaidi, na hazijapita saa 72 tangu atolewe. Kimojawapo kikikosekana, kinachopendekezwa ni kusubiri huku ukiangalia ngozi kwa mwezi mzima.

Hesabu siku

Tarehe uliyoandika sasa inaanza kazi. Wekundu unaotokea ndani ya siku moja au mbili baada ya kuumwa, mdogo, unaowasha, na unaofifia baada ya siku mbili tatu, ni ngozi inayokasirikia mate ya kupe. Si Lyme. Baka la Lyme huchelewa: hutokea kati ya siku ya 3 na ya 30, na mara nyingi ni kama baada ya wiki moja. Kwa hiyo doa lililotokea saa chache baada ya kumtoa kupe lisikutie hofu, na doa lililotokea siku ya nane, wakati umeshasahau, lisikupite.

Karibu watu 7 hadi 8 kati ya 10 wenye Lyme hupata baka. Waliobaki hawalipati, au hulipata mgongoni ambako hakuna aliyelitazama. Hao huanza na homa, uchovu mzito, maumivu ya kichwa, misuli na viungo, kama mtu mwenye mafua lakini bila kikohozi wala makamasi. Mafua ya namna hiyo katikati ya kiangazi, kwa mtu aliyekuwa porini kwenye kupe, yanastahili kuchunguzwa hata kama ngozi ni safi.

Namna ya kulichunguza baka

Vua nguo zote na uwe na mtu wa kukusaidia au vioo viwili. Kupe hupanda hadi akutane na kizuizi au mahali penye joto na unyevu, kwa hiyo tazama kinena, makwapa, nyuma ya magoti, chini ya matiti, mstari wa mkanda na wa chupi, na kitovu. Kwa watoto anza na kichwa: ndani ya nywele, kisogoni, nyuma ya masikio, shingoni.

Ukiliona baka, fanya hivi, na usiruke hatua hata moja kwa kudhani utakumbuka. Chukua kalamu ya wino na uchore mstari juu ya ngozi, ukifuata ukingo wa baka pande zote. Weka rula kando yake, piga picha mchana karibu na dirisha. Andika saa na upana wake. Kesho yake, saa ileile na dirisha lilelile, tazama tena. Kama rangi imevuka mstari wa kalamu, baka linatanuka. Kama imebaki ndani ya mstari au imerudi nyuma, huenda ni kitu kingine.

Lakini tafadhali, kipimo hiki ni cha doa dogo lenye shaka. Kama tayari lina sentimita 5 au zaidi na ulikuwa maeneo ya kupe, usipoteze siku kulipima. Nenda hospitali leo ukiwa na picha yako. Likiachwa linaweza kufika sentimita 30 au zaidi, na kila siku linapokua ni siku ambayo bakteria wako safarini.

Liguse kwa mgongo wa mkono: linaweza kuwa na uvuguvugu kuliko ngozi iliyolizunguka. Kwa kawaida haliumi, na kama linawasha huwasha kidogo tu. Halina magamba, halina usaha, na ukipitisha kidole juu yake ngozi ni laini au imeinuka kidogo sana. Utulivu huo ndio huwadanganya watu. Mtu huona kitu kikubwa kisichouma akakiacha kwanza. Umbo huwa la mviringo au yai, lakini penye mikunjo, kama kinenani, linaweza kuvutika upande mmoja. Wakati mwingine katikati huwa na rangi ya bluu au zambarau, mara chache na malengelenge madogo.

Kwenye ngozi nyeusi mambo hubadilika, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe na wagonjwa weusi wamekuwa wakigunduliwa wakiwa wamechelewa. Usitafute wekundu. Baka linaweza kuonekana kama damu iliyovilia baada ya kujigonga, la zambarau iliyofifia, au kahawia iliyokolea kuliko ngozi ya kando. Kwenye ngozi nyeusi sana linaweza kuonekana tu kama eneo lililong'aa au kuinuka kidogo likitazamwa kwa mwanga wa ubavuni. Zima taa ya juu, simama karibu na dirisha, geuka taratibu hadi mwanga upite juu ya ngozi badala ya kuipiga moja kwa moja. Tumia mkono pia, maana joto na mwinuko mdogo huhisiwa hata pale jicho linaposhindwa. Swali la kujiuliza ni hili: je, nilijigonga hapa? Vilio la damu hubadilika rangi na kupungua ndani ya siku chache. Baka la Lyme huongezeka.

Yanayofanana nalo

Choa, ambacho wengine hukiita mashilingi, ndicho huchanganywa nalo zaidi kwa sababu nacho ni cha mviringo na katikati yake husafika. Tofauti ni ukingo: wa choa una magamba na vipele vidogo, unawasha, na hukua kwa wiki nyingi, si siku. Ukipaka dawa ya fangasi kwenye baka la Lyme, litafifia lenyewe baada ya wiki tatu au nne na utadhani dawa imefanya kazi, kumbe bakteria wamebaki ndani.

Maambukizi ya kawaida ya ngozi huuma sana, huwa ya moto, na mara nyingi huanzia kwenye kidonda. Hili ni muhimu kwa sababu ya dawa: sefaleksini, inayotolewa sana kwa maambukizi hayo, haiui bakteria wa Lyme. Kama ulipewa dawa hiyo na baka linaendelea kutanuka, rudi.

Mabaka ya mzio huwasha na kuhamahama. Lililokuwa mkononi asubuhi halipo jioni. Mkanda wa jeshi huja na maumivu makali na malengelenge upande mmoja wa mwili. Ukiona kigaga cheusi pale kupe alipouma, pamoja na homa, fikiria homa nyingine ya kupe, ambayo ni ya kawaida kwa waliotembelea mbuga za kusini mwa Afrika. Na vidoadoa vidogo vinavyoanzia kwenye vifundo vya mikono na miguu, kwa mtu mwenye homa kali aliyekuwa Marekani, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kwa Ulaya kuna sura moja zaidi, hasa kwa watoto: kiuvimbe laini cha bluu au zambarau kwenye ndewe, yaani sehemu laini ya chini ya sikio, au kwenye chuchu. Nacho ni Lyme.

Ukifika kwa daktari: usikubali kusubiri kipimo cha damu

Kipimo cha kawaida hakitafuti bakteria. Hutafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi yao. Mwili huhitaji wiki kadhaa kuzitengeneza za kutosha. Kwa hiyo mgonjwa mwenye baka la wiki ya kwanza akipimwa, jibu linaweza kabisa kutoka hasi huku ugonjwa anao. Miongozo ya kitabibu ya Marekani na ya Uingereza inakubaliana hapa: baka likiwa na sura yake na mgonjwa akiwa ametoka eneo la kupe, atibiwe bila kupimwa.

Ukiambiwa "damu yako ni safi, nenda nyumbani", onyesha picha zenye rula na tarehe, na uulize kwa heshima kama baka lenyewe halitoshi. Pale tu sura ya baka inapoleta shaka ndipo kipimo kina nafasi, na kikitoka hasi hurudiwa baada ya wiki mbili au tatu.

Dawa

Dawa hizi huandikwa na daktari. Naeleza dozi ili ujue kama ulichopewa kinalingana na kinachopendekezwa, si ili ununue mwenyewe.

Kwa mtu mzima, chaguo la kwanza ni doksisaiklini miligramu 100, mara mbili kwa siku. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2020 inasema siku 10 zinatosha kwa baka. Ya Uingereza huandika siku 21. Tofauti hiyo isikuchanganye: fuata siku ulizoandikiwa ulipotibiwa, na umalize zote hata baka likitoweka siku ya tano. Wasioweza kutumia doksisaiklini, wakiwemo wajawazito, hupewa amoksilini, ambayo kwa miongozo ya Marekani ni miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa siku 14, au sefuroksimu miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 14. Azithromaisini hutumiwa kwa wale tu ambao hizo nyingine zinawadhuru. Watoto hupimwa uzito kwanza. Kwa amoksilini ni miligramu 50 kwa kila kilo kwa siku, zikigawanywa mara tatu, bila kuzidi 500 kwa dozi moja. Kama una mzio wa penisilini, sema kabla ya kuandikiwa.

Doksisaiklini ina masharti ambayo dirisha la dawa mara nyingi husahau kuyasema. Meza kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama, na usilale kwa nusu saa, kwa sababu kidonge kikikwama kooni huunguza. Kula kwanza kidogo ili kisikutie kichefuchefu, lakini si maziwa. Maziwa, vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu, na dawa za kiungulia huzuia dawa kuingia mwilini, basi ziache saa mbili au tatu mbali nayo. Jifunike unapotoka juani, maana ngozi huungua kwa wepesi, hata nyeusi.

Krimu haitibu Lyme, iwe ya antibayotiki, ya fangasi au ya kupunguza mwasho. Bakteria wako ndani, na wengine wameshasogea mbali na baka.

Siku zinazofuata

Ndani ya saa 24 za kwanza za dawa, baadhi ya wagonjwa hupata homa, baridi ya kutetemeka, na baka hukolea zaidi. Ni mwili unaopambana na mabaki ya bakteria wanaokufa. Hupita kwa siku moja hivi. Usiache dawa kwa sababu hiyo. Lakini ukivimba midomo au uso, au ukishindwa kupumua vizuri, huo ni mzio wa dawa: acha dawa na ukimbilie hospitali.

Baka huanza kufifia ndani ya siku chache na linaweza kuacha kivuli kwa wiki kadhaa, hasa kwenye ngozi nyeusi. Kivuli si ugonjwa. Endelea kupiga picha, na kama baada ya dozi kuisha ukingo bado unasogea mbele, rudi kwa daktari. Rudi pia mapema kama homa kali haishuki baada ya siku mbili za dawa, kwa sababu kupe mmoja anaweza kubeba magonjwa mawili, na mengine yanataka dawa tofauti.

Hizi usizisubirishe hata usiku mmoja: upande wa uso kulegea au jicho kushindwa kufumba, kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa, moyo kwenda ovyo, kizunguzungu, kuzimia au kukosa pumzi. Mabaka mengi kutokea sehemu mbalimbali za mwili nayo ni ishara kwamba bakteria wameshasambaa kwa damu; daktari akuone siku hiyo, akusikilize na moyo, ingawa kama hakuna dalili nyingine vidonge bado hutosha.

Uchovu na maumivu ya viungo vinaweza kubaki kwa wiki au miezi hata baada ya bakteria kuisha. Yanachosha, na mgonjwa hana budi kuaminiwa anapoyasema. Ila majaribio ya kuongeza antibayotiki kwa miezi hayajaonyesha faida ya kudumu, na madhara yake ni ya kweli. Anayekuuzia dripu za miezi mitatu kwa uchovu huo anakuuzia hatari.

Mwisho, kupona hakukupi kinga. Ukiumwa tena mwaka ujao, unaweza kuambukizwa tena, na kipimo cha damu hakitasaidia sana kwa sababu kingamwili za mara ya kwanza zinaweza kubaki kwa miaka. Baka jipya mahali papya ni ugonjwa mpya: chora mstari, piga picha, nenda utibiwe kama mara ya kwanza.